Ukuta Usio na Kivuli

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, taa namba kumi na nne iliwaka kwa mara ya tatu mfululizo, na ngazi ya nyuma ya jukwaa ikaonekana yote, kuanzia kidato cha juu hadi sakafuni.

"Zima," alisema Inspekta.

Ikazimwa.

"Washa."

Ikawaka. Mwanga wake ulikuwa wa buluu hafifu, wa kumwezesha mwigizaji kuona anapokanyaga bila watazamaji kujua kwamba kuna mtu anashuka. Inspekta alisimama katikati ya ngazi, akainamisha kichwa na kutazama viatu vyake. Aliviona hadi kamba.

"Afande," Sajini aliita kutoka chumba cha mitambo, juu kabisa nyuma ya viti, "hii taa ingekuwa mtu, ingeshatuuliza tunamtakia nini."

"Iache ikiwaka. Shuka."

Siku ya kwanza ya onyesho, mwigizaji mkongwe ambaye mji mzima ulimwita Kicheko alipita kwenye mlango wa ukuta wa mbao uliopakwa rangi kama nyumba, akageuka kushuka ngazi hii, mguu ukakosa pa kukanyaga. Alifia hospitali bila kuzinduka. Waigizaji wawili waliokuwa nyuma ya ukuta huo walisema kitu kimoja, kila mmoja peke yake: ngazini palikuwa na giza totoro.

Usiku uleule Inspekta alikuwa amefanya hesabu yake. Taa ni nzima. Waya ni mzima. Amri ya kuiwasha imo ndani ya mtambo, mahali pake. Mtambo ulikuwa wa zamani, hauweki kumbukumbu ya kitufe gani kimebonyezwa lini. Akaiwasha taa mwenyewe, akasimama ngazini, akaona viatu vyake kama alivyoviona leo. Kilichobaki ni kidole cha mwendesha taa. Na mwendesha taa, mwanamke ambaye wenzake walimwita Swichi, alikuwa amesikika mbele ya kikundi kizima akimwambia marehemu, "Ipo siku nitakuacha gizani, mzee."

Swichi alikuwa mahabusu tangu siku ile. Jana alitia sahihi maelezo yake, na saa sita mchana wa leo jalada lilitakiwa mezani kwa wakili wa serikali.

Inspekta alikuwa ameyasoma maelezo hayo mara mbili kabla ya kulala na mara moja alipoamka. Yalisema: *Huenda sikubonyeza.* Hakuwahi kupeleka jalada lenye huenda ndani yake.

Sajini alifika jukwaani akihema. Alikuwa mtu mnene, mwepesi wa ulimi, na alijua kwamba bosi wake hacheki kazini lakini hakukata tamaa.

"Lete ile video ya mtazamaji," Inspekta alisema.

"Tumeshaitazama mpaka simu imechoka, afande."

"Tulimtazama mzee. Sasa tutazame kila kitu ila yeye."

Sajini alifuta kioo cha simu kwa mkono wa shati, akaiwasha. Ilikuwa imepigwa kutoka kwenye viti vya juu. Kicheko alionekana akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni huku watu wakivunjika mbavu; akainama, akapita; taa kuu zikazimika. Jukwaa lote lilikuwa jeusi. Kisha, juu ya ukuta wa ile nyumba ya mbao, karibu kabisa na ukingo, kikatokea kiraka cha buluu, kikubwa kama mkeka. Sekunde chache baadaye ukasikika mshindo.

"Rudisha nyuma. Hapo. Hicho ni nini?"

"Mbalamwezi," alisema Sajini. "Mandhari ni ya usiku. Hata mwenye simu anasema, sikiliza: 'ona mwezi huo'."

"Nionyeshe mwezi kwenye orodha ya taa za mchezo huu."

Sajini alifungua mkoba, akapekua, akakuna shingo. "Hakuna mwezi."

Inspekta aligeuka na kutazama mbele ya ngazi. Kulikuwa na sakafu tupu, kisha ukingo wa jukwaa, kisha viti. Juu, kwenye bomba la mbele la kuning'inizia taa, taa namba kumi na nne iliendelea kuwaka, ikimmulika usoni.

"Ukuta wenyewe uko wapi?"

"Nyuma ya pazia lile. Si tuliusukuma sisi wenyewe siku ile? Machela ilikuwa haipiti." Sajini alimaliza sentensi, akabaki mdomo wazi kidogo. "Afande. Wewe ulipima kabla au baada?"

"Baada," alisema Inspekta.

Ukuta ulikuwa na magurudumu manne. Waliuvuta hadi mbele ya ngazi. Sakafuni kulikuwa na alama za utepe za kuonyesha miguu yake inapokaa: za zamani, nyeupe, zilizochakaa kwa kukanyagwa, na mpya, za njano, hatua mbili nyuma yake, karibu zaidi na ngazi. Kwanza waliuweka kwenye nyeupe. Mwanga ulipita juu ya ukuta, ukashuka nyuma, ukatua ngazini kama ulivyotakiwa. Inspekta aliona viatu vyake.

Wakausogeza kwenye njano. Ngazi ikapotea.

Alinyoosha mkono mbele ya uso wake. Alijua ulipo kwa sababu ulikuwa wake.

"Nenda kwenye viti," alisema kutoka gizani. "Niambie unaona nini."

Hatua za Sajini zilishuka, zikasimama. "Naona mwezi, afande."

Inspekta alishuka ngazi kwa kupapasa, kidato kimoja kimoja, mkono ukiwa umeshika reli. Alipofika chini aliandika kwenye karatasi, akiwa amesimama: *Taa iliwaka. Haikufika.* Akaongeza mstari wa pili: *Jaribio la kwanza lilifanywa bila ukuta. Aliyelifanya ni mimi.*

"Kwa hiyo yule dada alibonyeza," alisema Sajini. Sauti yake haikuwa na mzaha.

"Ndiyo. Swali sasa ni nani alisema ukuta unaweza kusogezwa bila kuigusa taa."

Ofisi ya mchoraji wa taa, yule anayepanga kila taa imulike wapi, ilikuwa chumba kidogo chini ya viti vya ukumbi, dirisha likitazama mahali pa kuegesha magari. Mchoraji mwenyewe, mtu wa miaka thelathini na ushee, alikuwa ameoa binti wa marehemu, mshonaji wa mavazi wa kikundi hicho. Hakuwa amenyoa tangu msiba. Mbele yake palikuwa na laptopu, na pembeni kompyuta kubwa ya mezani, imezimwa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Pole tena."

"Tumeshapoa. Jamaa wamejaa nyumbani, ndiyo maana nimekimbilia huku kidogo." Aliondoa mafaili kwenye kiti. "Mama watoto anauliza jalada linakwenda lini."

"Leo. Kabla halijaenda nataka unieleze mnavyopanga taa. Nieleze kama mtu asiyejua kitu, maana ndivyo nilivyo."

Mchoraji alionekana kufurahi kupata kitu cha kufanya kwa mikono. Aligeuza laptopu iwaelekee. Kwenye kioo palikuwa na jukwaa lilelile walilotoka, dogo, lenye mabomba, mapazia na ngazi, na maandishi ya kijivu yamekatiza picha kutoka pembe hadi pembe.

"Hii ni programu ya kuonyesha taa kabla hujazipandisha juu. Unachora ukumbi, unaweka taa, unaziwasha humuhumu. Hapo awali tulikuwa tunapanda na kushuka ngazi siku nzima kwa ajili ya taa moja."

"Maandishi haya ya kijivu?"

"Chapa ya toleo la bure. Haiondoki. Unalipata mtandaoni, unaliweka, unafanya kazi. Mipaka yake ni hiyo chapa, halafu taa zikizidi hamsini linagoma, halafu halitoi video ya kumpelekea mteja."

"Na la kulipia?"

"Halina mipaka hiyo. Lipo kwenye ile ya mezani." Hakuigeukia. "Leseni imefungwa na mashine ile moja, haihamishiki."

"Faili la mchezo huu ni moja au mawili?"

"Moja. Linafunguka kotekote."

"Nionyeshe ngazi, wakati mzee anashuka."

Alibonyeza. Jukwaa dogo likawa giza, kisha mstari wa buluu ukashuka kutoka bomba la mbele, ukatua ngazini. Kila kidato kilionekana. Ukuta wa nyumba ulisimama katikati, na mstari wa buluu uliingia upande mmoja wa mbao na kutokea wa pili.

Sajini aliona. Inspekta alimkanyaga mguu chini ya meza.

"Hapo ukuta umekaa kwenye alama zipi?"

"Za njano."

"Nani alitaka usogezwe?"

"Mzee mwenyewe. Alasiri ya siku ile." Mchoraji alijifuta paji la uso. "Alisema hatua mbili zile zinamwibia. Akifika ngazini watu wameshamaliza kucheka, na akirudi anawakuta wamepoa. Alikuwa hivyo. Kicheko cha watu alikuwa anakipimia kwa hatua, si kwa maneno."

"Baada ya kuusogeza mlijaribu taa jukwaani?"

"Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Jenereta iliwashwa watu wakiwa wameshaketi."

"Mkajaribu wapi, basi?"

"Kwenye programu."

"Ipi?"

Nje mtu alikuwa akijaribu kuwasha gari lisilotaka kuwaka. Mchoraji alilisikiliza kwa makini.

"Ya kazi, afande. Hii programu."

"Fungua ile ya mezani."

"Ile ina shida siku hizi. Inajisasisha yenyewe, inachukua saa nzima."

"Sajini ana hadithi za kutosha saa nzima."

"Ninazo," alisema Sajini. "Nianze na shemeji yangu anayeumwa kila siku ya kufua?"

Mashine haikuchukua hata dakika mbili. Faili lilifunguka, jukwaa lilelile, safi, bila chapa, mbao zikionekana nyuzi zake na hewa ikiwa na moshi mwepesi. Mchoraji alishika kipanya. Kwenye laptopu alikuwa ameanza kwa kuonyesha ukumbi kutoka kwenye viti, kama mtu anayemwingiza mgeni mlangoni. Hapa hakuanzia kwenye viti. Aliizungusha picha moja kwa moja, akapita juu ya ukuta, akashuka nyuma yake, upande wa kushoto, chini, kwenye kidato cha tatu. Hakutafuta.

Pale kidato kilipotakiwa kuwa palikuwa peusi. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimelala juu ya ngazi nzima.

"Ulijua pa kwenda," alisema Inspekta.

Mchoraji aliachia kipanya.

"Tutafanya polepole," Inspekta aliendelea. "Weka zote mbili sambamba. Faili lilelile, amri ileile, pembe ileile. Sajini, piga picha vioo vyote viwili kwa pamoja. Sasa ukuta kwenye alama nyeupe, kote kuwili."

Vidole vya Mchoraji vilifanya kazi. Ngazi ikawaka kwenye laptopu. Ngazi ikawaka kwenye mashine ya mezani.

"Tofauti?"

"Hakuna."

"Kwenye njano."

Ngazi ikabaki inawaka kwenye laptopu. Kwenye mashine ya mezani ikazimika.

"Piga picha," alisema Inspekta. "Na sasa nieleze kwa nini."

Mchoraji alizungumza akiitazama laptopu, kama mtu anayemtetea ndugu yake. "La bure si bovu, afande. Nusu ya watu wa kazi hii wamejifunzia humo, na mimi nikiwemo. Linakuonyesha taa imeelekea wapi. Haliangalii kilicho njiani. Ukuta kwake ni picha ya ukuta, mwanga unapita tu. Vivuli viko kwenye la kulipia. Hilo kila mchoraji analijua, ni jambo la wiki ya kwanza."

"Kama kila mtu analijua, mnajilinda vipi?"

"Tuna utaratibu. Chora popote unapotaka, nyumbani, kitandani, popote. Lakini kabla kitu hakijasimama jukwaani, faili lipitishwe humu." Aligusa mashine ya mezani kwa ncha ya kidole. "Likiwa sawa tunaambiana 'imepita'. Neno hilo hatulisemi hivihivi."

"Siku ile?"

"Hii haina betri. Laptopu ilikuwa na chaji."

"Swichi alikuuliza?"

"Aliniuliza kwenye hedfoni. 'Shem, imepita?'"

"Ukamjibu?"

Gari la nje liliwaka hatimaye, likaondoka.

"Imepita."

Inspekta aliandika neno hilo, akaliwekea alama za kunukuu. "Kwa nini?"

"Mzee alikuwa amesimama hapohapo mlangoni, ananisubiri. Ameshika kofia yake. Ananiambia, 'Mkwe, hatua mbili tu, unazipimia nini kama unanunua kiwanja?' Watu wakacheka. Nikatazama laptopu, nikaona ngazi inawaka. Nikaona aibu kusema tusubiri umeme."

"Lini ulijua?"

"Asubuhi iliyofuata. Umeme ulirudi. Nilitumwa kuja kuchukua suti ya mzee kwenye chumba cha mavazi. Nikapita humu, nikaiwasha. Sijui kwa nini niliiwasha."

"Na mchana wa siku hiyohiyo ukaja kituoni ukaandika kwamba mwendesha taa hakubonyeza."

"Wewe ndiye ulilisema kwanza, afande."

Sajini aliacha kuandika.

"Sikutupii lawama," alisema Mchoraji. Alizungumza kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuusikiliza. "Niliingia pale nikiwa nimeshaamua kusema. Wewe ukaniambia umepima mwenyewe, taa ni nzima, umesimama ngazini na umeona mpaka viatu vyako. Ukaniuliza: kwa hiyo aliyekosea ni nani kama si kidole? Nikajiambia, kumbe. Labda kivuli changu si kitu. Labda ngazi inaonekana hata hivyo na mimi nimejitia wazimu bure. Nilitaka iwe kweli. Nikatia sahihi."

"Andika," Inspekta alimwambia Sajini. "Kama alivyosema. Pamoja na sehemu yangu."

"Yote, afande?"

"Neno kwa neno."

Kalamu ya Sajini ilikwaruza. Mchoraji aliizima laptopu, akaifunika taratibu.

"Kila asubuhi mke wangu ananiuliza kama yule mwanamke ameshakiri," alisema. "Namwambia bado. Jana nilipomwambia amekiri, alilala usingizi kwa mara ya kwanza. Nikakaa nikamtazama alivyolala, hata alipoamka alinikuta bado nimekaa. Nitamwambia nini?"

"Ulichoniambia mimi."

"Mwambie wewe, afande. Nakuomba."

"Nikimwambia mimi itakuwa taarifa ya polisi. Mpigie."

Alitoa simu. Alisimama mbele ya dirisha, akiwapa mgongo. Iliita muda mrefu, na ilipopokelewa sauti za watu wengi zilisikika nyuma yake, za nyumba yenye msiba.

"Mama watoto. Toka nje kidogo, pasipo na watu." Alisubiri. "Njoo kituoni. Hapana. Hapana, si yeye. Ni mimi."

Aliendelea kushika simu sikioni hata baada ya kioo chake kuzimika.

Wakili wa serikali alipokea simu ya Inspekta saa tano na nusu, na hakufurahi.

"Una maelezo yenye sahihi ya mtuhumiwa," alisema. "Mwenyewe anakiri."

"Anasema huenda."

"Watu wote wanaanza na huenda. Juzi ulinieleza hapa kwamba hakuna njia nyingine. Nanukuu: kilichobaki ni kidole."

"Nilikosea. Nilipima jukwaa lisilo na ukuta. Nina picha za majaribio ya leo, yale ya jukwaani na yale ya programu, matoleo yote mawili. Nina maelezo ya aliyedanganya. Na ninaandika maelezo yangu mwenyewe."

"Yako? Ya nini?"

"Ya jinsi sahihi ile ilivyopatikana."

Upande wa pili karatasi ziligeuzwa.

"Unajua wakubwa wako watakayasoma hayo?"

"Nayaandika ili yasomwe."

"Sawa," alisema wakili. "Mwachie. Lakini kila kitu nikione kwa maandishi kabla sijatoka ofisini."

Swichi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, ingawa benchi lilikuwepo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyezoea kufanya kazi gizani. Mlango ulipofunguliwa hakuinuka.

"Nimeshatia sahihi," alisema. "Mnataka nini tena?"

Inspekta aliingia ndani, akaketi kwenye benchi, akaona anamtazama mwenzake kutoka juu, akashuka na kukaa sakafuni kumkabili. Sajini, mlangoni, alitazama kwingine.

"Ulibonyeza," alisema Inspekta. "Taa iliwaka kwa wakati wake. Ukuta uliizuia. Ulisogezwa hatua mbili nyuma na kivuli chake kikaifunika ngazi."

"Niliuliza." Swichi aliongea polepole, kama anayepapasa. "Niliuliza kama imepita."

"Ulijibiwa uongo. Faili lilitazamwa kwenye toleo la bure tu."

"La bure." Alifumba macho. "La bure halina vivuli."

"Hapana."

"Shem alijua?"

"Tangu siku ya pili."

Swichi alitazama mkono wake wa kulia. Aliukunja, akaukunjua, akaacha kidole cha shahada kimenyooka.

"Unajua umenifanyia nini wewe?" alisema, na hakupandisha sauti. "Uliponiuliza mara ya kwanza, nilikuwa nina uhakika. Nilikuwa nakisikia kitufe. Kina mlio, kama kucha. Uliponiuliza tena na tena, nikaanza kujiona nimekaa pale, macho kwenye maandishi nikisubiri neno la taa inayofuata, na kidole kiko hewani, hakishuki. Nilikiona kabisa. Jana nilipokuwa natia sahihi nilikuwa nasema kweli. Niliamini nimemuua yule mzee kwa kumsahau."

"Nilipima vibaya," alisema Inspekta. "Kisha nikakuuliza maswali ya mtu aliyepima vizuri. Nimeliandika. Litakuwa kwenye jalada."

"Jalada halitanirudishia kidole changu."

"Hapana."

"Na yale ya kumwacha gizani, ulikuwa unayasoma kwa sauti kila siku kama sala. Nilikuwa namtania. Mzee alikuwa anachelewa kutoka jukwaani kila mara kwa sababu ya uroho wa kicheko. Hata jibu lake hukuliandika. Aliniambia, 'Niache tu, binti, gizani ndiko nilikotongozea.' Kikundi kizima kilianguka chini. Hakuna aliyekwambia hilo?"

"Aliniambia mmoja. Sikuona kama lina uzito."

Swichi alitikisa kichwa. Kisha akaanza kulia, bila sauti, kwa muda mfupi, na alipomaliza alijifuta kwa ukosi wa blauzi na kuuliza viatu vyake viko wapi.

Mezani pa zamu alirudishiwa viatu, simu, mkanda na kitambaa cha kichwa. Alikuwa akifunga kamba ya kiatu cha pili mshonaji alipoingia. Hakuwa na mtu. Alikuwa amevaa nguo za msiba, na sindano mbili za kazi zilikuwa bado zimechomekwa kifuani, alizozisahau. Kwenye benchi la ukutani, kati ya Sajini na askari mwingine, alikaa mumewe. Alimtazama mumewe kwanza.

Swichi alisimama, kiatu kimoja hakijafungwa.

"Pole kwa baba," alisema. "Sikupata nafasi ya kukwambia."

Mshonaji alitazama ile kamba ya kiatu iliyolegea. Siku ya kifo, kwenye ukumbi huuhuu wa kituo, alikuwa amemwita mwanamke huyu muuaji kwa sauti iliyowatoa watu maofisini.

"Nilikutukana mbele za watu," alisema hatimaye. "Nitayafuta maneno yale mbele za watu walewale."

"Acha kwanza. Umzike mzee."

"Maziko ni kesho. Uje."

"Nitakuja."

"Ukae mbele. Na sisi."

Swichi aliitikia kwa kichwa, akainama, akamalizia kamba yake, akatoka kwa mlango wa mbele. Mshonaji alivuka ukumbi hadi kwenye benchi. Mumewe alisogea kumpa nafasi. Yeye alibaki amesimama mbele yake, mikono miwili ikiwa imeshika mkoba.

"Ulinitazama nikilala," alisema.

Mchoraji alisema ndiyo.

Inspekta alimwita jina kutoka mlangoni mwa chumba cha maelezo. Mezani mwake palikuwa na karatasi mbili: moja tupu, kwa ajili ya mtu anayeingia, na nyingine iliyojaa mwandiko wake mwenyewe, imeshatiwa sahihi. Mchoraji aliinuka, akapita karibu na mkewe bila kumgusa, akaingia. Saa nane kasoro robo mlango ulifungwa.